MSHAHARA UNAOKATWA NA MAJI NA VIWAVI



Katika mkutano uliopita wa tawi letu hapa Voi lilizuka neno ambalo halikwisha. Muda ulikuwa mfupi, wengine walikuwa wanangojewa kazini, na Mwenyekiti akalifunga. Sisi tunaona halikufaa kufungwa. Mwenzetu mmoja wa gengi alisimama akaomba chama kizungumze habari ya mashamba kabla mvua za vuli hazijaanza. Hakumaliza. Watu walicheka, na ndugu mmoja akauliza kwa sauti iliyosikika mpaka nje: "Hiki ni chama cha reli au ni chama cha wakulima?" Akapigiwa makofi.

Twataka kumjibu ndugu huyo, bila matusi, maana ni mwenzetu na mchango wake analipa kila mwezi.

Kwanza tumpe haki yake. Baada ya mkutano, pale chini ya mwarobaini, alieleza ya kwamba chama kikianza kusema mambo ya mahindi na kunde, tajiri atafurahi. Atasema: "Kumbe hawa wana chakula nyumbani, nyongeza ya nini?" Hofu hiyo ina asili yake. Wakati wa ukoloni Mwafrika alilipwa mshahara wa mtu mmoja, kama kwamba hana mke wala mtoto, kwa madai kuwa jamaa yake inalishwa na shamba la nyumbani. Mgomo mkubwa wa Mombasa wa Januari 1947, ambao watu wa reli waliingia pamoja na makuli wa bandarini, ulitokana na mishahara ya namna hiyo. Ilipofika mwaka 1954 hata kamati ya serikali yenyewe, iliyoongozwa na Bwana Carpenter, ilikubali kwamba mshahara yafaa umtoshe mtu pamoja na jamaa yake. Basi ndugu yetu anaogopa tusije tukaufungua tena mlango ule kwa mikono yetu wenyewe.

Lakini na yeye atazame upande wa pili. Shamba limo ndani ya mshahara wetu tayari, tuseme tusiseme. Mtu wa gengi akipokea pesa zake mwisho wa mwezi, akatoa kodi ya chumba, karo, deni la duka na mchango wa mazishi, kinachobaki hakinunui unga wa nyumba mpaka mwezi mwingine. Kinachoziba pengo ni magunia ya mahindi, debe la pojo na kunde alizolima mke wake kule Mbololo, au Mwatate, au Sagalla. Pengo likizibwa, mtoto anakwenda shule. Lisipozibwa, mtu anakwenda kwa mkopeshaji, na sote twajua anavyotoka huko. Kwa hiyo maji yakizamisha shamba mwezi wa Novemba, na viwavi wakamaliza kilichobaki, mshahara wetu umekatwa. Umekatwa bila barua, bila mtu kuitwa ofisini, bila chama kuulizwa. Angekuwa tajiri ndiye aliyekata kiasi hicho, tungeweka zana chini siku ile ile. Kwa kuwa aliyekata ni kiwavi, twasema ni shauri ya Mungu.

Mvua ni shauri ya Mungu, hatubishi. Mtaro je?

Tuanze na maji, maana maji ndiyo kazi yetu. Mtu anayesema kazi ya gengi ni vyuma na mataruma hajapata kushika sururu. Adui wa njia ni maji. Kokoto zikijaa udongo, maji hayatoki. Maji yasipotoka, tuta linalegea. Tuta likilegea, treni ikipita taruma linapanda na kushuka kama mpini wa pampu, tope linaruka juu, na mwisho chuma kinapinda. Ndiyo sababu nyapara hangoji mvua. Mwezi wa Agosti na Septemba, jua kali na vumbi jekundu limejaa puani, sisi tumo mitaroni tunafyeka, tunazibua, tunatoa mchanga ndani ya makalvati. Mpita njia hutuona wendawazimu, watu wazima wanaochimba njia ya maji mahali ambapo hata punda hapati ya kunywa. Mvua ikija, yeye anakimbia na njia inasimama.

Halafu jioni tunatua sururu, tunakwenda nyumbani, na shambani kwetu hakuna mtaro hata mmoja.

Tujiulize kwa nini. Fundi aliyejenga nyumba za watu asiwe na kwake, hiyo twaelewa, hana pesa. Lakini mtaro hauna bei. Ni sururu, beleshi na jasho, na vyote tunavyo. Sababu twaifahamu ila twaona haya kuisema. Kazi ya kuchimba ardhi tulifundishwa kuwa ni adhabu. Sisi tuliosoma shule za misheni, mtoto aliyechelewa maombi ya asubuhi alipelekwa wapi? Kwenye bustani ya shule na jembe. Na babu zetu katika Kenya ya ukoloni walilazimishwa kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, na asiyetokea alipigwa faini. Wakayachukia matuta kama walivyomchukia askari wa chifu. Walikuwa na haki kukataa kulazimishwa. Ila ubaya ulikuwa katika kulazimishwa, tuta lenyewe halikuwa na kosa. Wakamba wa Machakos waliligeuza likawa lao, wakaliita "fanya juu" kwa sababu udongo unatupwa upande wa juu wa mtaro, na jina hilo la Kiswahili sasa linasomwa hata katika vitabu vya wataalamu wa nchi za mbali.

Sasa sikilizeni habari ya mwenzetu mmoja. Jina lake hatulitaji, lakini wa gengi yetu wanamjua. Mnakumbuka ya kwamba kuanzia vuli ya mwaka 2020 mpaka ile ya 2022 misimu mitano ilifuatana bila mvua ya kutosha. Watu waliacha mashamba ya juu, wakateremka kulima mabondeni, ambako udongo hukaa na unyevu. Na yeye akateremka, akapata ekari moja na nusu chini ya tuta, karibu na kalvati. Vuli ya mwaka 2023 ikaja na El Nino. Alipanda mapema, kama inavyotakiwa. Mahindi yakatoka vizuri, yakafika majani manne. Kisha mvua ikanyesha milimani usiku kucha, na asubuhi shamba lilikuwa ziwa. Maji yalikaa siku tano.

Yafaa tueleze kilichotokea chini ya maji yale, kwani wengi wanadhani mmea hunywa maji tu, na ukipewa mengi utashiba. Mizizi inapumua. Katikati ya chembe za udongo mna hewa, na maji yakijaa yanaifukuza. Mahindi machanga ambayo hayajafikisha majani sita yana moyo wake bado chini ya udongo, kwa hiyo maji yakisimama siku mbili, tatu au nne, hasa siku za joto, moyo huo unaoza. Yaliyo makubwa zaidi huvumilia kidogo, lakini chakula cha udongoni kinapotea na majani yanageuka manjano, na mkulima anafikiri ni ugonjwa. Pojo na kunde hazivumilii kabisa. Mhogo unaozea ardhini. Mtama ndio wenye subira kuliko mahindi, kwa maji na kwa ukame pia, lakini siku hizi ukimwambia mtu apande mtama anaona umemtukana.

Mwenzetu alipoteza yote. Akapanda tena mwanzo wa Desemba kwa mbegu ya kukopa, na mahindi ya pili yakatoka wakati viwavi wamekwisha zaliana katika mashamba ya jirani. Tutarudi kwa hilo.

Ulizeni maji yale yalitoka wapi. Kabla ya reli kupita hapa katika miaka ya 1890 maji ya milima ya Taita yaliteremka kwa njia nyingi ndogo ndogo, kila moja na korongo lake. Tuta ni ukuta. Ni ukuta tuta la reli ya zamani, ni ukuta tuta la reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017, ni ukuta barabara kuu. Ukuta unakusanya maji ya vijito kumi na kuyapitisha katika tundu moja. Upande wa juu sisi tunasafisha vizuri, maji yaingie. Upande wa chini tunasafisha mpaka kwenye alama ya mpaka wa njia. Hapo nyapara anasema "basi", na sisi tunasema "basi", na maji yanaendelea kwa nguvu zote kuingia shambani kwa mtu. Mara nyingi mtu huyo ni mwanachama wa chama hiki.

Na tusimtwike mwingine mzigo wote. Wako kati yetu wanaolima sukuma na mchicha ndani ya mtaro wa njia, kwa kuwa una mbolea. Mwezi wa Oktoba wanaukinga kwa udongo ili mboga zisichukuliwe, na maji yanatafuta pengine pa kupita. Wako wanaotupa nyasi na mchanga waliozibua kalvatini kwenye mdomo wa korongo la jirani, kwa sababu ni karibu, na karai ni zito. Tumewaona, na sisi wenyewe tulioandika haya tumewahi kufanya hivyo.

Inayotakiwa ni kazi ndogo kuliko tunavyoidhani. Shamba lenye mteremko lichimbwe mtaro mmoja upande wa juu, ukikata mteremko, ushuke kidogo tu kuelekea korongo. Ukiuelekeza kushuka sana utakuwa korongo jipya, na huo mwenzetu wa jana atakulaani kesho. Asiye na kipimo atengeneze miti mitatu mfano wa herufi A, afunge jiwe kwa kamba juu, aone kamba inalala wapi. Kazi hiyo mtoto wa darasa la sita anaiweza. Ndani ya shamba mahindi yapandwe juu ya matuta, si katika vifereji. Na hapa Voi tusiwe na haraka ya kuyafukuza maji mpaka mtoni. Mahali petu ni pakavu; maji yanayozamisha shamba Novemba ndiyo tutakayoyalilia Januari. Mtaro ukiwa na vizuizi vya udongo ndani yake, maji yanasimama, yanatulia, yanaingia ardhini polepole. Yakizidi ndipo yanavuka kwenda korongoni. Ni jambo la kuyatawala, kama sisi tunavyotawala treni mbili katika njia moja.

Ndugu zetu wa Taveta watasema hatujui shida yao, na kweli yao ni nyingine. Kule nchi ni tambarare, maji ya Lumi yanateremka kutoka upande wa Kilimanjaro hata siku ambayo Taveta kwenyewe hakuna wingu, yakielekea Ziwa Jipe. Mtu anakwenda kulala mgomba ukiwa mkavu, anaamka maji yamefika magotini. Mgomba ukikaa majini mizizi inaoza, na shina lililodhoofika ndilo analolipenda fukusi. Mtaro wa juu peke yake hautoshi huko. Kunatakiwa mifereji mirefu kati ya vitalu vilivyoinuliwa, na kunatakiwa jambo moja la bure: midomo ya mifereji ya kumwagilia ifungwe kabla mto haujafura. Mfereji uliofunguliwa kiangazi na kusahauliwa wazi wakati wa mvua unauleta mto wote shambani. Kila mfereji una wenyewe, basi wenyewe wawekeane zamu, kama sisi tunavyowekeana zamu ya usiku.

Sasa viwavi.

Wengi wanawataja wote kwa jina moja, ndipo wanaposhindwa. Yuko kiwavijeshi wa zamani, ambaye babu zetu walimjua. Nondo wake huja na upepo na kushushwa na mvua za kwanza za radi, na wilaya zetu hizi kavu ni kati ya mahali anapoonekana mapema kila msimu. Nondo anataga mara baada ya mvua. Siku chache baadaye vinatoka viwavi vidogo vya kijani ambavyo hakuna anayeviona. Vinakula kidogo. Wakijaa wanageuka weusi, na siku zao za mwisho ndipo wanapokula karibu chakula chao chote, nyasi, mtama, mahindi, kisha wanaingia udongoni. Mkulima anasema "walikuja usiku mmoja". Hawakuja usiku mmoja. Walikuwapo siku kumi nzima, na sisi tulikuwa tunapita.

Na yuko yule mpya, kiwavijeshi vamizi, aliyetoka Marekani, akaonekana Afrika mwaka 2016 na Kenya mwaka 2017. Huyu hatembei kwa jeshi. Anakaa ndani ya moyo wa mhindi, anakula akiwa amejificha, na kinyesi chake kama unga wa mbao ndicho kinachomtangaza. Usoni ana alama kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne yaliyopangwa mraba. Mama yake anataga mayai mia moja na zaidi mahali pamoja, yamefunikwa na manyoya kama pamba chafu. Yakipondwa kwa vidole asubuhi moja, umeua mia kabla hawajazaliwa, na hukutoa hata shilingi. Hii ni kazi ya wiki tatu za kwanza, na ya kila siku mbili tatu. Akina mama wanaoifanya wanajua. Wengine humwaga jivu au mchanga mkavu katika moyo wa mhindi. Wadogo wanakufa kwa hiyo, wakubwa la.

Mwenzetu wa ekari moja na nusu hakufanya hayo. Alikuwa njiani, akifukia mahali tuta lilipoliwa na maji. Sisi tulikuwa pamoja naye, siku kumi na nne bila kwenda nyumbani. Mke wake alikuwa na mtoto mgonjwa. Alipopata nafasi alikwenda katika duka moja, akauziwa dawa katika chupa ya soda, bila karatasi, bila jina. Akapiga saa sita mchana. Saa sita mchana kiwavi huyo yuko chini kabisa, jua likiwa kali, na dawa ilikauka juu ya majani. Hana barakoa, hana viatu vya mpira, upepo ukimrudishia usoni. Alitapika siku mbili. Viwavi hawakutapika. Deni la dawa likaongezwa juu ya deni la mbegu, na mpaka leo hii tunapoandika, sehemu ya mshahara wake inapita kwa mtu mwingine kabla haijamfikia.

Twauliza: hilo si jambo la chama? Mwanachama angeumia namna hiyo kwa dawa ya kuua magugu njiani, Katibu wetu angeandika barua usiku huo huo.

Basi yajulikane haya. Dawa ya halali ina karatasi yenye namba ya kuandikishwa na bodi ya serikali, zile herufi PCPB. Isiyo na karatasi usiinunue hata kwa nusu bei. Inapigwa asubuhi na mapema au jioni, ikielekezwa ndani ya moyo wa mhindi, viwavi wangali wadogo. Kiwavi aliyefikia urefu wa kidole hafi kwa dawa ya kubahatisha. Na asiyeona kiwavi asipige, kwa sababu tutakayoieleza.

Mwaka 2002 wataalamu wa taasisi ya wadudu ya icipe walikuja Werugha, hapo juu karibu na Wundanyi. Kabichi na sukuma za Taita zilikuwa zinamalizwa na kiwavi wa nondo mdogo mwenye alama za almasi mgongoni, ambaye alizoea dawa kama mlevi anavyozoea tembo. Watu walipiga na kupiga. Wataalamu wale hawakuleta dawa. Walileta nyigu mwembamba kutoka Taiwan, anayetaga ndani ya kiwavi huyo na kumuua. Walipohesabu miaka mitatu baadaye, mche uliokuwa na viwavi zaidi ya watano kwa wastani ulikuwa na chini ya mmoja. Nyigu huyo halipwi, hagomi, na hajui Jumapili. Dawa kali inayopigwa ovyo inamuua yeye kwanza, na kiwavi anabaki bila polisi. Wapo wenye shamba pale Werugha ambao jamaa zao wako katika chama hiki. Mbona hatukuwaita hata siku moja watueleze? Tumewahi kumwita mtu wa bima, na mtu wa kuuza pikipiki.

Tena Taita Taveta ni mlango. Mwaka 1983 dumuzi, yule mdudu wa ghalani anayegeuza mahindi kuwa unga, alionekana mara ya kwanza katika Kenya hapa Taveta, akitokea Tanganyika ya zamani, hakuonyesha pasipoti. Mahindi yaliyovunwa mabichi kwa sababu ya mvua na kufungwa kwenye gunia bila kukauka yanaota ukungu wenye sumu, na makavu yasiyohifadhiwa vizuri ni karamu yake. Habari ya ghala ni ndefu, tutaiandika toleo jingine Mhariri akitupa nafasi. Habari ya ndovu hatuigusi kabisa leo. Ndovu hawasikii mtaro wala dawa, na karatasi ya kupiga chapa ni haba.

Tunalotaka chama kifanye ni hili. Katika njia yetu kuna mtu anayetembea kila siku na nyundo na spana, akitazama kila bolti. Macho yake yanapita juu ya nyasi za maili nyingi kuliko macho ya Bwana Shamba yeyote. Bwana Shamba mmoja ana kata nzima na pikipiki isiyo na mafuta. Tangu mwaka 1969 wataalamu wa Muguga walikuwa wanatega nondo kwa taa katika Afrika Mashariki ili watoe habari mapema ya kiwavijeshi. Sisi hatuhitaji hata taa. Wiki mbili baada ya mvua ya kwanza, mkaguzi wa njia ainame mara mbili tatu katika zamu yake, afunue nyasi. Akiona viwavi vya kijani, apige simu kwa Katibu wa tawi, na Katibu apige kwa ofisi ya kilimo ya kaunti, ambayo tangu mwaka 2013 ndiyo yenye kazi hiyo. Kuanzia Mackinnon Road mpaka Mtito Andei habari itafika siku hiyo hiyo. Hakuna chama cha wakulima chenye watu waliopangwa katika mstari namna hiyo. Sisi tunao, na tunawatumia kuhesabu bolti tu.

Jambo la pili ni mdomo wa chini wa kalvati. Chama kiandike kwa wenye njia, wa reli na wa barabara, maji yasiachwe kwenye alama ya mpaka. Yaongozwe mpaka korongo la asili. Hiyo si sadaka. Maji yaliyokosa njia huchimba kinyumenyume mpaka kwenye tuta, na sisi ndio tunaoitwa usiku kulifukia.

La tatu ni livu. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inampa mtu siku za livu zisizopungua 21 kwa mwaka. Wengi wetu tunazichukua Desemba, tunakwenda kula sikukuu, na tunakuta shamba limekwisha kufa. Najua, wengine watasema, na wamekwisha sema, kwamba mvua ndiyo wakati njia inahitaji watu. Ni kweli, na hatuombi mtu aondoke tuta likiwa linaliwa. Tunaomba kila mtu aruhusiwe kuchukua siku tano au sita kati ya hizo mwezi wa Septemba na mwanzo wa Oktoba, kwa zamu, wawili watatu katika gengi, akachimbe mtaro na kutayarisha mbegu, mvua ya kwanza imkute tayari. Siku hizo ni zake. Kinachotakiwa ni tajiri akubali zigawanywe, na sisi tukubaliane nani anakwenda lini bila kugombana kama mwaka jana.

Tumempelekea Katibu barua liwe jambo la pili katika mkutano ujao, baada ya hesabu ya fedha. Kila gengi ilete orodha ya makalvati ya sehemu yake yanayomwaga maji shambani: kilomita ya ngapi, upande gani, na korongo lililo karibu ni lipi. Bwana Shamba tumemwomba aje, amekubali, nauli yake tutachanga.

Na yule ndugu aliyeuliza kama hiki ni chama cha wakulima, twamwomba sana asikose, tena aje na mkewe. Tumepata habari kwamba mwaka 2023, mahindi ya wengine kule Mbololo yalipokuwa yanaelea, yao yalisimama mpaka yakavunwa. Tulipouliza majirani tuliambiwa ya kwamba mama huyo alichimba mtaro peke yake mwezi wa Septemba, mumewe akiwa kazini. Twataka atueleze aliuchimba kina gani, na maji aliyapeleka wapi.